Lugha Iliyojua Kupokea Wageni

Nje ya Rukwa, jina la Sumbawanga likitajwa, wengi hucheka kwanza. Utani wa radi na uchawi umesambaa nchi nzima, na sisi wa huku tumeuzoea kiasi kwamba wengine huutumia wenyewe wakiwa ugenini ili mazungumzo yaende. Ubaya wa utani huo ni kwamba unaimaliza habari kabla haijaanza. Mtu akishacheka haulizi tena. Haulizi ni lugha gani iliyoulea mji huu, wala iliwezaje kuwaunganisha watu waliofika hapa kutoka kila upande, wala kwa nini leo watoto wa mjini wanaisikia lakini hawaisemi. Lugha hiyo ni Kifipa, na historia yake haiwezi kutenganishwa na historia ya Sumbawanga.

Naishi Katandala, mojawapo ya kata za mji. Jirani yangu ana genge. Anauza maharage, dagaa, na migebuka ya Ziwa Tanganyika inapopatikana. Mteja akifika anapokelewa kwa Kiswahili: karibu, haya ni ya msimu huu, yanaiva upesi. Anapimiwa kwa sado, anaongezewa kiganja kimoja juu, biashara imekwisha. Lakini akipita mwanamke wa rika lake, Kiswahili kinawekwa kando, na maharage yale yale yanaanza kuzungumzwa upya: yametoka shamba la nani, mvua ya huko ilikuwaje, kwa nini ya mwaka huu yana ganda gumu. Kwa Kiswahili maharage yana bei. Kwa Kifipa yana kwao. Binti yake, mwanafunzi wa darasa la nne, yumo humo humo. Anatumwa kwa Kifipa akalete mfuko ndani, anaitikia "sawa, mama," anakwenda, na analeta mfuko ule ule uliotajwa. Kila neno amelielewa. Hajajibu kwa Kifipa, na hakuna aliyemtaka ajibu.

Hapo ndipo tulipofika. Tulivyofika ni habari ndefu, na sehemu yake kubwa si ya huzuni.

Uwanda wa Ufipa umekaa kati ya maziwa mawili. Magharibi ni Ziwa Tanganyika, mashariki ni bonde la Ziwa Rukwa, na Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800, jirani na milima ya Mbizi. Ni nchi ya majani na upepo, yenye miti michache, na baridi yake ya Juni na Julai anaijua kila aliyewahi kulala hapa bila blanketi zito. Nchi iliyo wazi namna hii haiwezi kuwafungia watu nje, na kweli walikuja wengi.

Simulizi kuu ya Ufipa inaanzia Milansi. Huko, kwa masimulizi ya wazee, alikaa mtu wa kwanza, Ntatakwa, na uzao wake ukashika ufalme. Siku moja mfalme wa Milansi akiwa mawindoni, walifika wanawake watatu wageni kutoka kaskazini, wakaingia kwake na kukikalia kiti cha enzi. Mfalme aliporudi hakukupiganwa vita. Waliafikiana: Milansi ibaki na mlima wake wa Itwelele pamoja na heshima ya mambo ya mizimu, na wageni watawale nchi iliyosalia. Kwa wanawake hao ukaanza ukoo wa kifalme wa Watwa, ambao baadaye uligawanyika na kuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliizunguka simulizi hii maisha yake yote ya uandishi, na ndiyo inayobeba kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu kuundwa kwa dola ya Wafipa.

Willis alitaka kujua simulizi inasema nini kuhusu madaraka. Mimi navutwa na jambo ambalo inalipita bila kulitaja. Mgeni alikichukua kiti, lakini watoto wake walitawala kwa Kifipa. Kesi zilisikilizwa kwa Kifipa, mahari ilijadiliwa kwa Kifipa, na Mwene, yaani mfalme, alipozikwa alililiwa kwa Kifipa. Wenyeji walitoa utawala na hawakutoa lugha. Badala yake waliwapa wageni lugha hiyo iwe yao pia. Sijui zawadi iliyowahi kuzaa matunda ya muda mrefu kuliko hiyo.

Na haikuwa mara moja tu. Zwangendaba na Wangoni wake walifika uwandani miaka ya 1840, na mwenyewe akafia Ufipa mnamo 1848, ndipo watu wake wakagawanyika na kutawanyika. Misafara ya Wanyamwezi na ya wafanyabiashara wa pwani ilipita. Watu wa ng'ambo ya ziwa walivuka kutoka Kongo. Katika waliofika, wako walioendelea na safari na wako waliobaki, na waliobaki wajukuu wao ni Wafipa. Kijiji cha Kifipa, kama Willis alivyokieleza, hakikuwa mali ya ukoo mmoja. Majirani waliweza kuwa watu wasio na undugu wa damu, na mgeni aliyekuja kwa amani akakubali taratibu za wenyeji alipata pa kujenga. Joseph Thomson wa Scotland, aliyepita hapa mwaka 1880, aliwaona kuwa wakulima hasa, watu wa amani. Amani hiyo ilihitaji maneno. Mtu asiye ndugu yako huwezi kuishi naye ukuta kwa ukuta bila salamu ndefu, bila namna ya kuomba na kushukuru, bila baraza ambapo ugomvi unasemwa hadi unakwisha. Kifipa kilikuwa chombo cha kazi hiyo, na mgeni alikabidhiwa mapema.

Ndiyo maana Kifipa chenyewe hakikuwa cha namna moja. Wataalamu wa lugha wanaorodhesha lahaja zake: Kinkansi, Kikwa, Kikandasi, Kisiiwa, Kintile, Kipemba na nyinginezo, na pamoja nazo Kimilanzi, inayobeba jina la kale la Milansi. Milanzi leo ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga. Jina la makao ya mfalme wa kwanza linaandikwa kwenye fomu za serikali za mitaa, na mwombaji anayejaza fomu hiyo pengine hajui kwamba anaandika neno la kwanza la historia ya nchi yake. Kusini, Kifipa kinapakana na Kimambwe na Kirungu, lugha ndugu zinazovuka mpaka hadi Zambia, kiasi kwamba mzee wa Sumbawanga na mzee wa Mbala wanaweza kuelewana kwa sehemu kubwa kila mmoja akisema ya kwao.

Lugha haikai hewani. Inakaa kwenye kazi, na kazi mbili za Ufipa zinafaa kutazamwa kwa karibu.

Ya kwanza ni chuma. Wahunzi wa Ufipa walijenga tanuru refu la udongo, ilungu, lenye kimo cha mita tatu hivi, na matundu chini ili upepo uingie wenyewe bila mivukuto. Mawe ya chuma na makaa yalipangwa humo kwa tabaka. Kilichotoka bado kilikuwa na takataka nyingi, kwa hiyo kiliyeyushwa mara ya pili kwenye tanuru dogo, kintengwe, ambalo hilo lilivuviwa kwa mivukuto, ndipo mhunzi akapata chuma cha kufulia jembe. Ilungu jipya lilipambwa kama bibi harusi, na waliolihudumia walishika miiko ya kutolala na wake zao hadi kazi ikamilike. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni miongoni mwa walioyachunguza matanuru haya, na mabaki ya malungu bado yanaonekana sehemu mbalimbali za uwanda. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 majembe ya viwandani yalijaa madukani kwa bei ambayo mhunzi hakuiweza, na moto ukazimika. Maneno ya kazi ile hayakupigwa marufuku na mtu. Yalikosa ajira tu, na neno lisilo na ajira huondoka na mzee wa mwisho aliyelihitaji.

Ya pili ni kilimo. Majirani zetu wa kusini wenye misitu walikata matawi, wakayachoma na kupanda juu ya majivu. Ufipa haikuwa na miti ya kuchezea hivyo, na Wafipa wakabuni njia yao. Mvua zinapokuwa zimekolea, mkulima anakata tabaka la juu la udongo pamoja na majani yake, analigeuza majani yakiwa ndani, na kulirundika kuwa fungu la mviringo, intumba. Ndani ya fungu majani yanaoza taratibu. Juu yake hupandwa maharage au mboga. Msimu unaofuata mafungu yanabomolewa, udongo uliorutubika unasambazwa, na ulezi unasiwa. Hakuna kilichonunuliwa. Shamba lilijitengenezea mbolea yake kwa jembe na kwa kujua wakati. Elimu yote hiyo ya majira, ya aina za udongo, ya majani yanayooza upesi na yanayochelewa, ilihifadhiwa katika Kifipa na kupitishwa huku watu wakilima, kisha ikazungumzwa tena jioni kwenye kimpumu, pombe iliyotokana na ulezi ule ule.

Ulezi ulipopisha mahindi, sehemu ya mazungumzo hayo ilihama. Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa inayolisha taifa, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mahindi ya mbegu za kisasa yalikuja na mbolea ya kupandia na ya kukuzia, na bwana shamba, na mizani, na foleni ya kuuza kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na vyote hivyo vilikuja na Kiswahili. Leo mkulima wa Ufipa anaweza kulitaja fungu la intumba kwa lugha ya mama yake na mfuko wa mbolea kwa lugha ya dukani, katika shamba moja na pumzi moja. Sioni ubaya wowote katika hilo. Nasema tu kwamba kila kazi mpya ilipoingia, Kifipa kilipoteza chumba kimoja cha nyumba yake.

Watoto nao walikuwa na chumba chao. Kathleen Smythe, mwanahistoria wa Marekani aliyeandika kitabu cha mwaka 2006 kuhusu familia za Wafipa wa Nkansi na Ukatoliki, anaeleza habari za intuli, nyumba ambamo watoto na vijana walilala pamoja mbali na wazazi wao. Humo ndimo hadithi na vitendawili vilimohama kutoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo. Mtoto hakufundishwa Kifipa na mama peke yake. Alifundishwa na watoto waliomzidi miaka miwili mitatu, usiku, kwa mchezo na kwa kuchekwa akikosea. Wapo wataalamu wa lugha za watoto watakaokwambia kwamba huko ndiko lugha inakoshika mizizi, kwa watoto wenzao kuliko kwa watu wazima.

Kisha zikaja taasisi. Wamisionari wa Afrika, wale walioitwa Mapadre Weupe kwa kanzu zao, waliichukua Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, kwenye ngome iliyojengwa na chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na kutoka huko wakaingia Ufipa kwa misheni moja baada ya nyingine. Ufipa ikawa moja ya nchi za Kikatoliki zaidi Tanganyika. Mabweni ya misheni yakachukua nafasi ya intuli. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, ulipofungua mlango wa kuiacha Misa ya Kilatini, lugha iliyoingia altareni ilikuwa Kiswahili. Shule ya msingi ikawa ya Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Mwaka 1974 ukazaliwa Mkoa wa Rukwa, Sumbawanga ikawa makao makuu yake, na mji ukajaa maofisa, walimu, askari na wauguzi waliohamishwa kutoka kila pembe ya nchi. Baadaye ikaja lami kutoka Tunduma, iliyojengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, na safari iliyokuwa ya mateso msimu wa mvua ikawa ya saa chache. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 200,000 katika Manispaa. Ile ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni moja na nusu katika mkoa mzima. Maduka mengi ni ya Wakinga na Wanyakyusa. Wasukuma walishuka na ng'ombe wao hadi bonde la Rukwa. Wachaga, Waha na wengine wengi wana nyumba zao hapa na makaburi yao hapa.

Kwa maneno mengine, Ufipa ilipokea wageni kama ilivyozoea. Kilichobadilika ni kwamba safari hii hatukuwapa lugha.

Nasema hatukuwapa kwa sababu hawakukataa. Angalia kinachotokea kwenye kikao chochote cha msiba hapa Katandala. Wazee wanaongea Kifipa. Anaingia mtu mmoja asiyekijua, na kabla hajaketi kikao kizima kimehamia Kiswahili. Hakuna anayetoa amri. Ni adabu. Tumelelewa kuamini kwamba kumsemesha mtu lugha asiyoijua ni kumtenga, na imani hiyo ni nzuri. Lakini babu zetu walikuwa na adabu ya namna nyingine: walimsemesha mgeni Kifipa polepole, wakamrekebisha, wakacheka naye, hadi akakijua. Ile yao ilimwingiza mgeni ndani. Hii yetu inamkaribisha vizuri sana na kumwacha sebuleni.

Na hatimaye tukawafanyia watoto wetu hivyo hivyo. Shuleni tulikatazwa kuongea kilugha, tukapigwa kwa hilo, na tulipokuwa wazazi hatukutaka watoto wetu wapate aibu ile. Tukawasemesha Kiswahili tangu kitandani, kwa upole ule ule tunaomsemesha nao ofisa aliyehamishiwa kutoka Tanga. Tukawafanya watoto wetu kuwa wageni wa heshima katika nyumba yao wenyewe. Wanakula vizuri, wanapendwa, wanaelewa kila kinachosemwa, na hakuna anayewatarajia waseme.

Hatuko peke yetu duniani. Singapore, mji wa bandari, ilikuzwa kwa sehemu kubwa na Wachina waliotoka kusini mwa mkoa wa Fujian, wasemao Kihokkien. Mwaka 1840 jumuiya yao ilikuwa imekwisha kujiunda kuwa chama, na hekalu lao la Thian Hock Keng, kwenye barabara ya Telok Ayer, bado linatembelewa. Kihokkien kilikuwa lugha ya bandari na ya soko, hata wasio Wachina walijua cha kuulizia bei. Mwaka 1979 serikali ilianzisha kampeni ya kuwahimiza Wachina wote waseme Kimandarini, na katika miaka michache lugha nyingine za Kichina ziliondolewa kwenye vipindi vya redio na televisheni. Sababu ilikuwa umoja, na haikuwa sababu ya hila. Lakini sensa zinaonyesha matokeo: waliotumia zaidi lugha hizo nyumbani walikuwa asilimia 14.3 mwaka 2010, na asilimia 8.7 mwaka 2020. Ndani ya vizazi viwili, bibi na mjukuu wa familia moja walijikuta wanahitaji mkalimani.

Penang, kisiwa cha Malaysia, ilikwenda njia nyingine. Katika mji wa George Town Kihokkien kiliwapokea Wachina wa asili nyingine, Wakantoni, Wateochew na Wahakka, ambao mababu zao hawakukisema, na wao wakakifanya lugha yao ya mtaani. Kikapokea pia maneno mengi ya Kimalay bila kuona haya. Nako vijana wanaelekea Kimandarini na Kiingereza, na wazee wana wasiwasi. Lakini kile kilichokifikisha Kihokkien cha Penang hadi leo ni kile kile kilichokifikisha Kifipa hadi miaka ya babu zangu. Hakikulindwa na ukuta wa ukoo. Kilienezwa kwa wageni.

Naona makosa katika namna tunavyozoea kuomboleza lugha zetu. Tunasema mji umejaa watu wa kuja, kwa hiyo lugha inakufa. Historia ya Ufipa inakataa. Lugha hii haijawahi kuwa na miaka isiyo na watu wa kuja. Ilinawiri juu yao. Wanaosema lugha ilindwe kwa kuwafungia nje wasio wa damu yake wanaomba kitu ambacho hakikuwahi kuwapo. Kama Wafipa wa Milansi wangefikiri hivyo, pengine pasingekuwa na Wafipa wa leo.

Najua pia jibu linalokuja upesi: Kiswahili ndicho kimetuunganisha, na anayesifia kilugha analeta ukabila. Ninaandika kwa Kiswahili, ninasali kwa Kiswahili, na nadaiwa na lugha hii kila nilicho nacho. Nchi jirani zimemwaga damu kwa mambo ambayo sisi tuliyaepuka kwa sehemu kubwa kwa sababu ya Kiswahili, na sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila lao. Sitaki turudi nyuma ya hapo hata hatua moja. Lakini ukabila ni kumwambia mtu asiye wa damu yako kwamba hana haki ya kuingia. Kumfundisha Mkinga Kifipa ni kinyume kabisa cha ukabila. Mtu anayejua lugha ya jirani yake hawezi kudanganywa kirahisi kuhusu jirani huyo. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe ilizitambua lugha zetu za jamii kuwa hazina ya taifa, ikahimiza zitafitiwe, ziandikwe na kutungiwa kamusi. Mlango huo uko wazi. Wa kuuingia ni sisi.

Ninamfahamu mfanyabiashara mmoja wa Kikinga anayeuza mbegu na majembe, na ambaye Kifipa chake kinanipa matumaini kuliko semina yoyote. Hakukijifunzia mjini. Alikijifunza kwenye minada ya vijijini, miaka aliyokuwa akizunguka na mzigo wake. Wanawake wa huko walimsemesha Kifipa kwa sababu walitaka kujua mbegu inastahimili udongo gani, naye alijibu kwa sababu alitaka kuuza. Lafudhi yake imepinda. Wazee wanacheka, wanamrekebisha, na wakishamrekebisha wanakaa naye zaidi. Juzi nilimsikia akieleza kwa Kifipa tofauti ya udongo wa Mbizi na wa Matai, na kijana wa Kifipa aliyesimama pembeni akaomba atafsiriwe kwa Kiswahili. Wapo watakaoona aibu katika habari hii. Mimi naona ushahidi kwamba mfumo wa zamani bado unafanya kazi pale unapopewa nafasi: haja, mazungumzo, kucheka, kurekebishwa, kisha mtu mmoja zaidi anayesema.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo na kinaweza kuanza kesho. Mgeni akiingia kwenye kikao, tumsalimie kwa Kifipa kwanza, tumfundishe kuitikia, kisha tuendelee kwa Kiswahili. Mwezi ujao aongezewe sentensi, na mwaka ujao hatutalazimika kuhama lugha anapoingia. Mtoto akitumwa kwa Kifipa, tusubiri jibu la Kifipa kabla hajaondoka, hata kama ni neno moja lililovunjika. Simu zetu zina vinasa sauti: kila mwenye bibi amkalishe amweleze intumba inavyorundikwa, majina ya vilima na mito, na hadithi alizozisikia kwenye intuli, kwa lugha aliyozisikia. Parokia zetu, misikiti yetu na vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama vina wazee na watoto chini ya paa moja kila wiki. Saa moja ya hadithi haigharimu kitu. Na wenye maduka wapya, walimu na wauguzi wanaohamishiwa Sumbawanga tuache kuwahurumia kwa kuwaficha lugha ya mji walikokuja kuishi. Wengi wao watazeekea hapa. Wana haki nayo.

Wafipa wa kale hawakuhifadhi lugha yao kwa kuiweka mahali salama. Waliigawa kwa kila aliyekubali kuishi nao, mfalme na mkimbizi, na waliyempa aliibeba mbele. Sumbawanga ya leo ina watu wengi wa kupewa kuliko ilivyowahi kuwa nao. Tuwape.